Daktari wa Watoto Ajibu: Mtoto Anapopotewa na Fahamu

Tangu baridi ianze hapa Nairobi nimepokea barua nyingi kuhusu jambo moja ambalo wazazi wanaliita kwa majina mbalimbali: kuzirai, kulegea, kuweweseka, kushikwa na degedege, kulala usingizi usioamshika. Nimechagua barua tano na kuzifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi au mtoto wake. Ikiwa wewe unayesoma una mtoto asiyeamka hivi sasa, weka gazeti chini, mlaze kwa ubavu na uondoke naye kwenda hospitali.

*Daktari, pokea salamu zangu. Mwezi wa nne tulikwenda Siaya kumzika baba mkwe, tukakaa siku kumi. Wiki moja na nusu baada ya kurudi Umoja, mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na homa. Nilimpa dawa ya kushusha homa, akalala. Alasiri nilipomwita alifungua macho kidogo akayafumba, nikadhani ni uchovu. Jioni nilipomwinua shingo ilikuwa imelegea na hakunitambua. Hospitalini daktari kijana alimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, kisha akambana ukucha kwa kalamu mpaka mtoto akalia, nami nikalia. Halafu wakamtoboa kidole wakapima sukari, ingawa nilikuwa nimesema wazi kwamba hiyo ni malaria. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini kwa nini alimuumiza mtoto ambaye tayari alikuwa mgonjwa, na kwa nini walihangaika na sukari? – Mama, Umoja*

Mama, pole sana kwa siku ile, na nimefurahi kusikia kwamba mtoto ni mzima. Nianze na kalamu ukuchani, kwa sababu naona ndiyo iliyokuchoma moyo zaidi.

Daktari anapompokea mtoto aliyelegea, akishahakikisha kwamba njia ya hewa iko wazi na kwamba mtoto anapumua na damu inazunguka, hujiuliza fahamu zimepungua kwa kiasi gani, na jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama tu. Katika hospitali zetu hutumika ngazi nne. Mtoto wa ngazi ya kwanza yuko macho na anafuatilia yanayotendeka karibu naye. Wa ngazi ya pili amesinzia, lakini akiitwa hufungua macho, hugeuka au hulia. Wa ngazi ya tatu haitikii sauti, ila akiumizwa huvuta mkono au hunung'unika. Wa ngazi ya nne hafanyi lolote. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, mtoto wa ngazi ya pili na wa ngazi ya tatu wanaweza kuonekana sawa kabisa, kwani wote wamefumba macho na wote wamelegea, ilhali mmoja bado anaweza kuzuia mate na matapishi yasiingie mapafuni na mwingine huenda hawezi tena. Matibabu ya hao wawili si mamoja, na njia ya kuwatenganisha ni kuita kwanza, kisha, asipoitika, kumuumiza kidogo mahali pasipoacha jeraha.

Kwa watoto wadogo kuna pia kipimo cha Blantyre, kilichopewa jina la mji wa Malawi ambako madaktari waliokuwa wakitibu malaria ya ubongo walikiunda, kikachapishwa mwaka 1989. Kabla yake kilikuwapo kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, ambacho hutumika mpaka leo, lakini hicho kinamtaka mgonjwa aseme yuko wapi na atii maagizo, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi hayo hata akiwa na afya njema. Kipimo cha Blantyre huangalia mambo matatu: kama macho ya mtoto yanaufuata uso wa mama, kama akiumizwa anapeleka mkono mahali panapouma, au anauvuta tu, au hafanyi kitu, na kama analia kilio kamili, ananung'unika, au yuko kimya. Alama ya juu ni 5, na mtoto aliyepata 2 au chini yake huhesabiwa kuwa amezama katika usingizi wa maradhi. Kwa hiyo kilio cha mwanao, kilichokuliza nawe, kilikuwa habari njema kwa daktari yule. Jambo moja tu nalilaumu: ilimpasa akueleze kabla ya kuigusa ile kalamu. Maneno mawili yangetosha, na sisi madaktari tunayasahau mara nyingi mno.

Sasa sukari. Ubongo hutumia sukari usiku na mchana na hauna ghala lake la kuiweka. Mtoto mdogo ana akiba ndogo katika ini, na akikaa nusu siku bila kula huku homa inamuunguza, akiba hiyo huweza kwisha. Malaria kali huzidisha hatari kwa kuwa vimelea navyo hula sukari, na kwinini, dawa iliyotumika kwa miaka mingi, huuchochea mwili kutoa insulini inayoishusha zaidi. Kipimo kikionyesha chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mtoto hupewa papo hapo glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto mwenye sukari ya chini na mtoto mwenye malaria ya ubongo huwezi kuwatofautisha kwa macho, na mara nyingi ni mtoto yuleyule mmoja. Kupima kunachukua chini ya dakika moja na kurekebisha kunachukua dakika chache, lakini dawa ya malaria huhitaji saa nyingi kabla haijaonyesha kazi yake. Ndiyo maana sukari ilitangulia, na ingetangulia hata kama wangekuamini neno kwa neno.

Kuhusu malaria yenyewe, ulifanya jambo la maana sana kutaja Siaya. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inawazuia vimelea kukomaa vizuri ndani ya mbu, kwa hiyo daktari asiyeambiwa habari za safari anaweza kuiweka malaria mwisho wa mawazo yake. Dalili kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na hesabu ya safari yenu inalingana na hilo. Malaria kali siku hizi hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Tofauti hiyo ni watoto wengi.

Hukutaja kama waliomba kumtoa mtoto maji ya mgongo, nami nalitaja kwa sababu wazazi wengi hukataa wakiogopa kwamba sindano hiyo humlemaza mtoto. Sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wa neva ulio ndani ya mgongo umekwishakoma na zimebaki nyuzi za neva zinazoelea katika maji. Vipimo vya maji hayo ndivyo vinavyotambulisha homa ya uti wa mgongo, ambayo humpa mtoto homa na usingizi kama malaria lakini hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa. Chanjo ya mwaka 2001 dhidi ya bakteria wa Hib na ile ya mwaka 2011 dhidi ya bakteria wa nimonia, ambao wote huweza kuleta homa hii, zimeipunguza sana nchini, lakini hazijaimaliza. Wakati mwingine daktari mwenyewe huahirisha sindano kwa kuwa mtoto amezidiwa; hapo huanza dawa za homa ya uti wa mgongo na za malaria kwa pamoja, na uchunguzi hufuata.

Imebaki alasiri ile, na nakuomba usijilaumu. Mtoto aliyechoka, ukimwinua, ukamketisha, ukamwita na kumpangusa uso kwa kitambaa chenye maji, hukasirika: hulalamika, hukutazama usoni, hutafuta titi au kikombe, kisha ndipo hurudi kulala. Mtoto anayefungua macho nusu na kuyafumba bila kukutazama hajaamka. Kwa mtoto mwenye homa, fanya hivyo kila anapolala kupita kawaida yake, hata ukijisikia vibaya kumsumbua, na asipoamka kikamilifu usingoje jioni. Aliye mbali na hospitali anaweza kumlaza mtoto ubavu na kumwekea chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, huku safari ikiendelea. Asimnyweshe maji, maziwa wala uji, kwa kuwa mtoto asiyemeza vizuri huvivuta mapafuni.

*Daktari, mimi ni mtu mzima wa hapa Majengo, Pumwani, asili yangu ni Kilifi. Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu alipata homa, mara akakaza mwili, macho yakageuka juu, akatetemeka mikono na miguu. Jirani alimtia kijiko mdomoni, mwingine akaleta kitunguu anuse, mwingine akataka kumpaka mafuta ya taa. Mkaza mwanangu alipiga kelele kwamba tutamwua mtoto. Kwetu tuliambiwa tangu zamani kwamba huyo ni nyuni, yule ndege wa kipepo anayewashika watoto, na kwamba sindano humzidisha. Nani ana haki? Na je, mtoto atakuwa na kifafa? – Bibi, Majengo*

Bibi, shikamoo. Mkaza mwanao ana haki katika hili, ingawa najua kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa akimtafutia mtoto uhai. Habari za nyuni nazijua. Zilitokana na watu walioona kwa macho yao kwamba degedege huja ghafla kama kitu kilichotua na kuruka. Huko Kilifi kwenu ndiko ambako tangu mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza kimechunguza watoto wenye malaria kali na degedege, na sehemu kubwa ya tunayoyatumia wodini leo tumeyapata kutoka kwa watoto wa pwani.

Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, ambao ubongo wao bado unakua na hushtuka joto la mwili linapopanda. Mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Kazi ya mtu mzima ni kumlaza mtoto kwa ubavu mahali tambarare, kuondoa vitu vigumu karibu naye, kulegeza nguo shingoni, na kutazama saa. Saa hiyo ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu dakika moja ya degedege huonekana kama kumi, na likizidi dakika 5 halitegemewi tena kukoma bila dawa, hivyo safari ianze. Hospitalini hupewa dawa ya kulizima kupitia mshipa au njia ya haja kubwa. Kijiko huvunja meno na kurudisha ulimi nyuma, na hakuna mtoto anayemeza ulimi wake. Kitunguu hakifanyi kitu. Mafuta ya taa ni hatari ya kweli: tone likiingia mapafuni huyaunguza, na nimewahi kumtibu mtoto ambaye degedege lilikuwa limekoma zamani lakini alikaa wodini siku nyingi kwa ajili ya mafuta aliyonuswa na kunyweshwa.

Baada ya degedege mtoto hulala, na usingizi huo si wa kutisha mwanzoni. Huamka polepole, na kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja huwatambua watu wake. Ni kwa sababu hiyo madaktari hawapimi kina cha fahamu mara tu degedege linapokoma wakahukumu. Lakini nusu saa ikipita na mtoto hajaanza kurudi, au degedege likirudi siku hiyohiyo, au likishika upande mmoja wa mwili, au mtoto hajafika miezi 6, au utosi wake umevimba, au shingo imekauka, basi hatulichukulii kuwa degedege la homa tu mpaka malaria, homa ya uti wa mgongo na upungufu wa sukari viondolewe. Hata likiwa fupi, mtoto aliyeshikwa kwa mara ya kwanza apelekwe akaangaliwe. Sindano haizidishi kitu. Nadhani imani hiyo ilitokana na watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa mno, wakafa baada ya kudungwa.

Kuhusu kifafa, tulia Bibi. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu hushikwa tena akipata homa nyingine, na walio wengi sana huliacha kabisa wakikua. Dawa ya kushusha homa humpa nafuu, mpeni, lakini haijathibitika kwamba huzuia degedege, kwa hiyo msimlaumu mama yake mtoto akishikwa tena siku aliyochelewa kumpa.

*Daktari, binti yangu wa miaka miwili alilazwa na homa kali, mikono na miguu baridi, amesinzia. Baadaye walisema ni homa ya uti wa mgongo. Nilikaa nikitazama dripu ikidondoka tone moja moja, nikamwomba muuguzi aifungulie, akakataa. Kitanda cha pili mtoto aliyekuwa akiharisha alimiminiwa chupa upesi upesi. Nilihisi kuna ubaguzi. Halafu nilikaa pale siku sita kama mgeni, sijui la kufanya. – Baba, Kahawa West*

Ndugu yangu, muuguzi yule alikuwa akimlinda binti yako kwa elimu iliyopatikana hapahapa Afrika Mashariki, kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi vitabu viliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu amiminiwe maji kwa kasi. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wa aina hiyo, wengi wao wakiwa wamepungukiwa na fahamu au wanapumua kwa shida. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya saa 48. Katika kila 100 ambao hawakumiminiwa, walifariki 7. Hakuna aliyetegemea jibu hilo, na madaktari wengi duniani walilipinga kwanza. Tangu hapo, mtoto mwenye homa ambaye hajakaukiwa maji hupewa dripu polepole, isipokuwa akiwa na dalili zote za mshtuko mkubwa wa mzunguko wa damu, na hata hapo kwa uangalifu.

Mtoto wa kitanda cha pili ni habari nyingine. Aliyeharisha hadi akalegea amepoteza maji mwilini, na fahamu zake zimepungua kwa sababu damu haifiki ubongoni vya kutosha. Huyo anahitaji kurudishiwa alichopoteza bila kuchelewa: mililita 100 kwa kila kilo, sehemu ya kwanza ikiingia ndani ya nusu saa, au saa moja kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti niliotaja. Kwa hiyo vitanda viwili vilivyokaribiana, watoto wawili waliolegea vilevile, na maagizo yanayopingana, yote yakiwa sahihi. Ulistahili kuelezwa, na kumuuliza muuguzi hakukuwa kosa.

Kuhusu kukaa kama mgeni, sikubali kwamba mzazi wa mtoto asiye na fahamu hana kazi. Mtoto asiyejigeuza hupata vidonda na mapafu hujaa makohozi, hivyo lazima ageuzwe ubavu huu na ule kila baada ya saa mbili, na katika wodi ambayo muuguzi mmoja ana watoto wengi, baba aliyeonyeshwa namna ya kumgeuza huiokoa ngozi ya mtoto wake. Macho yasiyofumba yanahitaji kulowanishwa yasikauke. Kichwa cha kitanda huinuliwa kidogo. Maziwa hupitishwa kwenye mpira wa puani, nawe unaweza kuangalia kwamba saa ya maziwa haikupita. Zaidi ya yote, wewe unaujua uso wake. Mzazi ndiye huona kwanza kwamba jana aligeukia sauti na leo hageuki, au kwamba kidole kimoja kinatikisika kwa mpigo usiokoma, jambo ambalo huweza kuwa degedege lililojificha. Liseme hilo mara moja, hata usiku wa manane, hata ukionekana msumbufu.

Na kwa kuwa binti yako alikuwa na homa ya uti wa mgongo, naomba apimwe masikio hata kama anaonekana mzima. Ugonjwa huo huweza kuua usikivu kimyakimya, na mtoto wa miaka miwili hawezi kukuambia kwamba hasikii. Utaona tu kwamba maneno yameacha kuongezeka, na watu watasema ni mkaidi.

*Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Embakasi. Mvulana wa miaka tisa alianguka kutoka ukutani wakati wa mapumziko, akazirai kama dakika moja, akaamka na kuzungumza vizuri. Mama yake alitaka kumpeleka nyumbani alale, kwa sababu hakuwa na pesa za hospitali hadi mwisho wa mwezi. Nilimshawishi. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa na kumlaza kwa uchunguzi. Je, nilizidisha? – Mwalimu, Embakasi*

Mwalimu, hukuzidisha. Mtoto anaweza kugongwa kichwa, akazirai, akaamka akazungumza kama kawaida, huku mshipa uliopasuka ukivujisha damu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Damu hiyo hujikusanya kwa saa kadhaa, na mtoto aliyekuwa akisimulia alivyoanguka huanza kuumwa kichwa zaidi na zaidi, hutapika, husinzia, mboni ya jicho moja huwa kubwa kuliko ya pili, na asiposaidiwa hufa. Damu ikigunduliwa mapema, upasuaji huweza kumrudisha mzima kabisa. Kwa hiyo kuzirai, kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma sana, degedege, maji au damu kutoka sikioni au puani, na kuanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita moja na nusu ni sababu za kwenda hospitali hata mtoto akiwa anacheka. Kwa umri wake kipimo cha Glasgow hufanya kazi vizuri. Alama zake huanzia 3 hadi 15, na hurudiwa mara kwa mara kwa sababu kushuka kwa alama mbili kunasema mengi kuliko alama yenyewe. Shuleni, msimwinue kwa kumvuta mkono. Mlazeni mkishika kichwa na shingo vikae katika mstari mmoja, mpige simu 999 au 112, na msimpakie kwenye bodaboda, kwa sababu mtoto anayesinzia hawezi kujishika.

Mwambie pia mama yake jambo ambalo wazazi wengi wa mji huu hawajaambiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ibara ndogo ya pili, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtoto anayepoteza fahamu ni dharura. Malipo yanaweza kujadiliwa baadaye, na mzazi anayeombwa amana mlangoni ana haki ya kukitaja kifungu hicho kwa sauti.

*Daktari, ninaishi na dada yangu na mtoto wake wa miaka minne, chumba kimoja cha mabati huko Mathare. Juzi usiku kulikuwa na baridi, tukaacha jiko la makaa ndani baada ya kupika githeri. Asubuhi kichwa kiliniuma, dada alitapika, na mtoto hakuamka mpaka tulipomtoa nje, akakaa karibu nusu saa ndipo akafungua macho. Duka la dawa walituuzia dawa ya malaria bila kupima. Ilikuwa malaria? – Dada, Mathare*

Dada yangu, watu watatu wa chumba kimoja hawaugui malaria asubuhi moja na kupata nafuu kwa kutoka nje. Hiyo ni sumu ya hewa ya makaa, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huathirika kwanza.

Mpeleke hospitali leo, ukisoma haya, hata kama anacheza, kwa sababu wakati mwingine kusahau, kuyumba anapotembea au kubadilika kwa tabia huja siku au wiki baadaye. Wewe na dada yako mpimwe pia. Tamkeni neno jiko kabla ya kuulizwa, kwani kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba hewa hii, na huonyesha namba nzuri kwa mtoto aliye hatarini. Ikitokea tena, mtoeni mtoto nje kwanza, ndipo mwite majirani. Hospitalini atapewa oksijeni nyingi kwa kifuniko cha usoni, ambayo hupunguza sumu kwa nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu badala ya saa nne hadi sita.

Najua kwamba jiko likiachwa nje usiku huibiwa. Kuyafunika makaa kwa majivu hakusaidii, kwa kuwa makaa yanayofukuta polepole hutoa hewa hiyo kwa wingi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Litoeni nje mkimaliza kupika, yamwagieni makaa maji mpaka yapoe kabisa hata katikati, ndipo mliingize ndani mfunge mlango.